Kicheko Kiporo

Mimi ni mkalimani wa lugha ya alama, na sheria ya kwanza tuliyofundishwa chuoni ni kwamba mkalimani hacheki. Hacheki, halii, hanuni. Wewe ni bomba tu, alisema mkufunzi wetu. Maji yapite, bomba libaki kimya. Na mimi, ingawa nina hasira za karibu na mdomo usiopumzika, nikiwa kazini huwa bomba kweli. Nimefasiri harusi, mazishi, kesi za mipaka ya viwanja na usaili wa kazi. Nimefasiri hata kwenye chumba cha kujifungulia, mke anasikia, mume kiziwi, na mke katika uchungu wake akaanza kumporomoshea mumewe matusi ya nguoni. Nikayafasiri yote, moja baada ya jingine, uso mkavu. Yule bwana akaniuliza kwa mikono kama lile la mwisho nilikuwa na uhakika nalo. Nikamjibu kwamba lile la mwisho mkewe alilirudia mara mbili.

Ila kwa Mwalimu Breki, bomba hupasuka.

Mwalimu Breki ni mchekeshaji. Zamani alikuwa akifundisha watu kuendesha magari, na alipoiacha kazi hiyo, au kazi ilipomwacha yeye, akapanda jukwaani na kipaza sauti chake na kuanza kusimulia mikasa ya wanafunzi wake. Nyumbani kwetu anapendwa kuliko ndugu wengine wa damu. Mama ana video zake zote kwenye simu. Huziangalia huku amekaa wima kama yuko kwenye mkutano wa wazazi, halafu ghafla anavunjika, anavua miwani, anajifuta machozi, anapigapiga paja la mtu aliye karibu, na video ikiisha anairudisha mwanzo. Mimi hukaa upande wa kulia, kwa hiyo paja linalopigwa ni langu.

Upande wa kushoto hukaa mdogo wangu, na yeye ni kiziwi tangu kuzaliwa.

Mdogo wangu ni fundi makochi. Viziwi hupeana majina ya alama, na lake ni vidole viwili kwenye midomo, kwa sababu ukimkuta karakanani amebana misumari midogo mdomoni, anaichomoa mmoja mmoja na kuipigilia. Mimi jina langu ni mkono kiunoni. Sikulichagua. Viziwi wakikupa jina wamekupa, hakuna pa kukata rufaa.

Basi Jumapili moja baada ya chakula tulikuwa tunaangalia video ya Mwalimu Breki, tunakufa kwa kicheko, na mdogo wangu anatutazama, mara mimi, mara Mama, mara simu. Akaniuliza kwa mikono, "Amesema nini?"

"Ngoja kidogo, nitakuambia," nikamjibu, maana Mwalimu alikuwa hajamaliza.

Mwalimu akaendelea, tukacheka tena. Akauliza tena. Nikamwonyesha kiganja, angoje. Video ilipokwisha nikamgeukia nikamsimulia vizuri kabisa, mwanzo mpaka mwisho, hakuna nilichoacha. Akatabasamu. Lile tabasamu nalijua. Ndilo analowapa wateja wanaomweleza rangi ya kitambaa kwa kupiga kelele. Halafu akainuka, akasimama mbele yetu, na mikono yake ikaanza kukata hewa.

"Dada, mimi nimechoka kula vicheko viporo. Nyinyi mnakula cha moto, mkishashiba mnanipashia mimi. Tangu utoto! Baba akisema kitu mezani, mnacheka, naambiwa ngoja. Harusini, ngoja. Kwenye basi, ngoja. Mimi nataka siku moja nicheke pamoja na watu. Si baada yao. Pamoja nao!"

"Anasemaje?" Mama akauliza.

"Anasema anataka cha moto," nikamwambia.

"Si ndio kwanza amekula?"

Nikamfasiria Mama vizuri, na Mama akailaza simu kifudifudi mezani. Iliniuma, nasema kweli. Iliniuma kwa sababu alikuwa na haki, na mimi sipendi mtu anayenizidi kwa haki.

Wiki hiyohiyo mabango yakabandikwa mjini. Mwalimu Breki anakuja baada ya wiki mbili, Jumamosi alasiri, ukumbi mkubwa. Mdogo wangu akaliona bango akitoka kununua sponji. Hakuniuliza. Alikwenda na viziwi wenzake wa karakanani, wakanunua tiketi za safu nzima ya tatu, halafu akaja kunishika mkono na kunipeleka ofisini kwa meneja wa ukumbi.

Meneja alikuwa kijana wa suti iliyombana kwapani, mwenye simu mbili na subira nusu. Nikamweleza kwamba safu ya tatu yote ni viziwi na kwamba wanataka mkalimani awe jukwaani, pembeni tu, na taa yake ndogo.

"Dada, hili ni onyesho la vichekesho," akasema. "Ni la kusikiliza. Hao watafuata nini?"

Hapo mkono wangu ukaenda kiunoni wenyewe. "Watafuata walichokilipia," nikasema. "Au tiketi zao zina bei ya kutosikia?"

Mdogo wangu akanivuta nguo, anataka kujua nimesema nini. Nikamfasiria. Akamtazama meneja na kutikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa kochi lililooza mbao.

Meneja akapiga simu kwa Mwalimu Breki mwenyewe, akaweka sauti ya nje. Ile sauti ilipotoka, ile hasa ya kwenye simu ya Mama, nilitaka kupiga kelele. Nilimshika mdogo wangu begani nisije nikaaibika.

"Hakuna shida," alisema Mwalimu Breki. "Aje. Mwambie jambo moja tu: anifuate, asinipite. Nimeshapitwa na watu wengi sana barabarani."

Nikaangua kicheko mbele ya meneja. Meneja hakucheka. Alikata simu, akanyoosha kidole. "Sawa. Ila watu wamelipa kumwangalia msanii. Nikiona macho yote yako kwako wewe, ile taa naizima. Na nikishaizima, imezimwa."

Nilimfasiria mdogo wangu na hilo pia. Kwa mtu anayesikia, taa ikizimwa ukumbini ni raha, onyesho linaanza. Kwa kiziwi, taa ya mkalimani ikizimwa ndiyo basi, umebaki kuangalia mtu anayechezesha mdomo. Alinitazama machoni. "Dada, usinizimishie taa," akasema.

Nikaanza mazoezi siku ileile. Wachekeshaji hawakupi maandishi ya vichekesho vyao. Ni afadhali wakupe nywila ya benki. Kwa hiyo nikachukua simu ya Mama na kuzikariri video zote. Mbele ya kioo, jikoni, hata nikipiga pasi. Kazi yangu kwa kawaida ni kuwa nyuma ya msemaji kwa pumzi moja: anasema, unasikia, unaelewa, mikono inatoka. Pumzi hiyo moja ndiyo niliyoiogopa. Nikaapa kwamba safari hii mdogo wangu hatasubiri hata kope ipepese. Nitakuwa na Mwalimu neno kwa neno.

Na yeye mdogo wangu akakataa kabisa kuonyeshwa hata kichekesho kimoja. Akiingia jikoni akanikuta nafanya mazoezi, anafumba macho na kupapasa ukuta kama mwizi. Siku moja alimpapasa Mama usoni, akidhani ni friji. Mama akamzaba kofi la mgongo. Alikuja na kipande cha sponji akawa anajizibia nacho macho kila akipita, anataka kukila kicheko siku yenyewe kikiwa cha moto. Nyumba yetu wiki hizo mbili ilikuwa kama wodi ya vichaa, na mimi nilikuwa na furaha ambayo sikumbuki kuwa nayo tangu niko mdogo.

Jumamosi ikafika. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Mimi niko pembeni mwa jukwaa, nguo nyeusi tupu, mikono imeoshwa na kupakwa mafuta, taa yangu ndogo imeniangazia kuanzia kiunoni. Safu ya tatu wako viziwi wetu, mdogo wangu katikati amevaa shati la sikukuu, na Mama kando yake, maana Mama alisema haendi kukaa na watu asiowajua. Nyuma ya pazia namwona meneja amesimama karibu na swichi.

Mwalimu Breki akatoka. Mfupi kuliko kwenye simu, tumbo limetangulia, viatu vyeupe. Ukumbi ukapiga makofi, na safu ya tatu ikainua mikono juu na kuitikisa, ndivyo viziwi wanavyoshangilia. Mwalimu akawaona, naye akaitikisa yake. Nilitamani nimkumbatie palepale.

"Nilikuwa na mwanafunzi," akaanza, "mama mtu mzima, ana heshima zake."

Hiki nakijua! Kilikuwa kichekesho namba moja cha Mama.

"Tuko barabara kuu. Nikamwambia, mama, kanyaga breki. Akaniuliza, breki ndiyo ipi? Nikamwambia, ya katikati. Mama akainama kuitafuta."

Sasa, Mwalimu Breki ana tabia moja. Kabla ya neno la mwisho hunyamaza. Anawatazama watu, anavuta suruali juu, anawaacha waive. Kwenye video nilikuwa nayajua maneno, ila ule unyamavu sikuwahi kuufanyia mazoezi. Mikono haina cha kufanya kwenye unyamavu. Mikono yangu ikaona kuna nafasi, ikaingia. Nikafasiri lililobaki: gari linakwenda, mama yuko chini, Mwalimu anapiga kelele barabara iko huku juu, na mama anamjibu kutoka kwenye pedali, "Nakuja, mwanangu, nimalize huku kwanza."

Safu ya tatu ikalipuka.

Viziwi wakicheka hawajipimi sauti, na mdogo wangu ndiye kiongozi wao. Kicheko chake huanza kama mlango mkavu wa kabati, kinapanda, kinapasuka, halafu kinarudi chini kuanza upya. Ukumbi wote kimya, Mwalimu bado anavuta suruali, na safu moja inagaagaa. Watu wakageuka. Mwalimu akapepesa macho, akasema neno lake la mwisho kwa haraka, na watu wakacheka kidogo, cha adabu, huku shingo zimepinda kuangalia safu ya tatu.

Ni bahati mbaya tu, nikajiambia. Jikaze kisabuni.

Akaingia kwenye cha pili, na hiki nacho nakijua. Mzee mmoja anayeendesha polepole mno. "Tukapitwa na baiskeli," alisema Mwalimu. "Tukapitwa na mkokoteni. Tukapitwa na msafara wa mazishi..."

Akanyamaza.

Mikono yangu, jamani. Ni kama si ya kwangu. Ikamalizia: "Marehemu mwenyewe alikuwa na haraka kuliko sisi."

Safu ya tatu ikafa. Fundi mmoja alianguka kitini kabisa, akaokotwa. Na ukumbi mzima, uliosikia neno mazishi tu na hakuna kingine, ukageuka kuwatazama watu hawa wanaocheka msiba. Bibi mmoja wa safu ya pili alisema kwa sauti, "Hawana hata haya!" Mama akamjibu, "Ngoja uambiwe kilichobaki, na wewe utacheka!" lakini yeye Mama alikuwa anakijua tangu kwenye simu yake, na hilo halikumsaidia bibi.

Mwalimu Breki akasogea mbele ya jukwaa. "Nyinyi wa safu ya tatu," akasema, "mlikuwa na ugomvi na marehemu?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Nikafasiri hilo, na safari hii nikawa nyuma kwa pumzi yangu ya kawaida, kwa hiyo watu walipokuwa wanamaliza ndipo safu ya tatu ikaanza. Mdogo wangu hakuwa anacheka tena. Alinyanyua mikono, akanisemesha moja kwa moja, uso umemshuka.

"Dada, tunacheka peke yetu. Kila mtu anatuangalia. Mwanzo tulikuwa wa mwisho, sasa ni wa kwanza, lakini bado tuko peke yetu!"

Mkalimani kumpita msemaji, sijawahi kusikia. Kuchelewa wote tunachelewa. Kuwahi ni jambo linaloweza kumpata mkalimani mpenzi wa Mwalimu Breki tu, na huyo ni mimi.

Mwalimu alikuwa ameifuata mikono ya mdogo wangu kwa macho, kisha akanigeukia mimi. Akanitazama juu mpaka chini. "Kumbe ni wewe," akasema. "Dada, wewe ni mkalimani au mganga wa kutabiri?"

Na mimi, kwa kuwa ni bomba, ikabidi nijifasiri kwamba mimi ni mganga. Safu ya tatu wakashika mbavu. Ukumbi ukazidi.

"Ngoja nimpime," akasema Mwalimu. Akaanza kichekesho cha mwanafunzi aliyekuja kufanya mtihani wa kuendesha. Kafunga mkanda, kaweka kioo sawa, kamsalimia askari. Kila kitu kimekwenda vizuri. "Kasoro moja tu," akasema, na akanyamaza, akanitumbulia macho.

Nilijua kasoro. Alikuwa amekaa kiti cha nyuma. Niliifungia mikono yangu mgongoni. Ikatoka. Naapa ilitoka yenyewe, ikasema kiti cha nyuma, na viziwi wakacheka.

"Kasoro moja tu," akarudia Mwalimu, "lile halikuwa gari letu."

Yule mjanja alikuwa amebadilisha! Ikabidi nifasiri, "Samahani, nimewadanganya, halikuwa gari lao," na mikono ikagongana, na vidole vikakosea, nikasema gari lilikuwa mbuzi. Safu ya tatu ikaanza kupigana mateke. Ukumbi mzima sasa ulikuwa unaniangalia mimi, wananyoosheana vidole, wanatafuta kwenye mikono yangu neno ambalo Mwalimu hajalisema. Hakuna hata jicho moja lililokuwa kwa msanii.

Taa yangu ikazimika.

Giza lilinimeza hapohapo. Mikono yangu ikabaki hewani haionekani na mtu. Mwalimu hakugundua mara moja, aliendelea kusema kwenye mwanga wake mkubwa, watu wanacheka, na mimi namwona mdogo wangu anakodoa macho upande wangu, anatafuta. Kicheko kikapita kichwani pake. Kikapita kingine. Akageuka kulia na kushoto kuwaangalia watu wanavyofungua midomo.

"Wewe kijana wa suti!" Ilikuwa sauti ya Mama, amesimama juu ya kiti. "Umezima taa ya nini? Bili ya umeme unalipa wewe?"

Meneja hakutoka nyuma ya pazia. Lakini mdogo wangu naye alikuwa amesimama. Alipita mbele ya magoti ya wenzake, akashuka kwenye njia, akapanda ngazi za jukwaa kwa hatua za mtu anayefuata kochi lake kwa mteja asiyelipa. Akaja mpaka gizani, akanipapasa, akanipata kiwiko, akanivuta mpaka katikati ya ile taa kubwa, kando ya Mwalimu Breki.

"Hapa kuna mwanga," akaniambia. "Simama hapa."

Sasa tuko watatu kwenye mwanga wa mtu mmoja. Nilisubiri kufukuzwa. Nilishaanza kutunga nitakachomjibu, na hakikuwa cha heshima.

"Karibuni, tubanane," akasema Mwalimu Breki. Akamtazama mdogo wangu. "Huyu ndiye aliyecheka msiba?"

Nikafasiri. Mdogo wangu akakubali kwa kichwa.

"Mwambie mimi pia nimegundua kitu. Watu wote hapa wanacheka kwa masikio, yeye anacheka kwa macho, na wewe unapita katikati kama basi bovu. Tukupe likizo." Nilifasiri na hilo la basi, ingawa liliniuma. Kisha Mwalimu akainama, akakiweka kipaza sauti chini, akakisukuma kwa mguu mpaka kikaishia kwenye pazia.

Akaleta kiti, akakaa, akamwashiria mdogo wangu alete kingine. Mwanafunzi aje afundishwe gari.

Mdogo wangu akakichukua kiti cha pili, lakini hakukaa. Alikibonyeza kwanza. Akakunja uso. Akakipindua miguu juu, akakikagua chini, akavuta uzi mmoja, uzi ukaja, ukaja, ukaendelea kuja, mpaka amenyoosha mkono wote, na akamwonyesha Mwalimu ule uzi kwa huzuni ya daktari anayetoa habari mbaya. Hakuna mtu aliyenihitaji. Ukumbi na safu ya tatu vilipasuka kwa mkupuo mmoja, na Mwalimu Breki, mkongwe wa jukwaa, akaziba mdomo kwa kiganja.

Akakaa. Akafunga mkanda usiokuwepo. Akaweka kioo sawa, akajiona kiooni, akajipenda, akachana nywele. Mwalimu akamgongea saa. Mdogo wangu akawasha gari, na miili yote miwili ikaanza kutetemeka pamoja, matumbo, mashavu na yote. Wakaondoka. Akamwona Mama, akatoa mkono dirishani kumpungia, Mwalimu akaunyakua usukani. Akapiga kona, Mwalimu akamlalia begani. Akapiga ya upande wa pili, akamlalia yeye. Mwalimu akawa anakanyaga breki kwa miguu miwili mahali ambapo breki haipo, viatu vyeupe vinapiga mbao, na mdogo wangu anamtazama kwa upole wa kumwuliza kama anaumwa.

Halafu akapotea njia. Alionyesha hivyo kwa kuangalia tu, kulia, kushoto, juu. Akafikiri. Akafungua mlango gari likiwa mwendoni, akashuka, akaenda kumwuliza njia yule bibi wa safu ya pili.

Gari likaendelea na Mwalimu peke yake! Mwalimu Breki anaburuza kiti kwa makalio kuvuka jukwaa, kiti cha dereva kimebaki nyuma, mdomo wazi, mikono kichwani. Bibi naye, aliyesema hawana haya, anaelekeza njia kwa vidole vyote kumi, nenda, kata, rudi, huku anabubujikwa na machozi. Mdogo wangu akamshukuru, akageuka, akaona gari limemwacha. Akakimbia. Akalipita. Akafika mbele yake, akasimama katikati ya barabara, akajivika kofia ya askari isiyokuwepo, akanyoosha kiganja.

Mwalimu Breki akasimamisha gari hapohapo puani pake.

Askari akazunguka gari. Akapiga tairi teke. Akainamia dirisha la abiria, na kwa ustaarabu wote akaomba leseni.

Mwalimu akajipapasa mfuko wa shati. Akajipapasa wa suruali. Akavua kiatu kimoja cheupe, akatazama ndani. Akamtazama askari, akakitoa kile kiatu kama leseni, na mdogo wangu akakipokea, akakifungua, akakisoma kwa makini kurasa zote.

Sijui ukumbi ulifanya nini, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa chini jukwaani, mikono yangu imelala mapajani haina kazi, na nacheka. Nacheka mbele za watu, nikiwa nimevaa nguo za kazi, bomba limepasuka lote. Meneja alikuwa ametoka nyuma ya pazia, ameegemea ukuta, suti imeachia kwapani. Mama alikuwa anampiga mapaja fundi mmoja asiye na hatia. Na mdogo wangu alikuwa ameshindwa kuendelea kuwa askari. Kiatu mkononi, kichwa kimerudi nyuma, mdomo umefunguka mpaka koo linaonekana, anacheka na kuwatazama watu, na watu wanacheka na kumtazama yeye.

Kicheko chake mimi nakijua. Naweza kukitambua nikiwa barabarani na yeye yuko karakanani, mlango umefungwa. Nikatega sikio nikisikie. Nilitega sikio hasa, nikaacha hata kupumua, nikakitafuta safu kwa safu katika kelele ile yote, na sikukipata.